Masikio Yako Yako Sawa: Dramu na Besi za Ozzy Zilizobadilishwa Mwaka 2002

Swali: Nilinunua CD ya Blizzard of Ozz ya Ozzy Osbourne kwa muuza CD za mtumba hapa Arusha, baada ya kusikia mzee amefariki. Nyumbani nikailinganisha na ile ninayoisikiliza kwenye simu. Sauti yake ni ileile, gitaa ni lilelile, lakini dramu na besi si zile. Nyuma ya CD imeandikwa 2002. Je, nimeuziwa feki, au masikio yangu yananidanganya? Na kati ya albamu alizotoa nje ya kundi lake la Black Sabbath, nianze na zipi, na zipi nisizipotezee bando?

Jibu: Masikio yako yako sawa, ndugu yangu, na CD yako si feki. Ni toleo halali lililotoka kwenye kampuni yake ya kurekodi, na ndiyo maana kisa chake kinaudhi zaidi kuliko kama ingekuwa imechapwa uchochoroni. Ulichonacho mkononi ni albamu ya mwaka 1980 ambayo mpiga besi na mpiga dramu wake walifutwa zaidi ya miaka ishirini baadaye, wakaingizwa watu wengine wapige upya mahali pao. Sauti ya Ozzy haikuguswa, gitaa la Randy Rhoads halikuguswa. Ndiyo maana ulisikia kitu kimoja chenye nyuso mbili.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu ukikielewa kisa hiki, swali lako la pili litakuwa limeshajibika nusu.

Aprili 1979 Black Sabbath walimtimua Ozzy. Ulevi na dawa za kulevya vilikuwa vimemzidi, kazi haiendi, na wenzake wakamchukua Ronnie James Dio. Aliyemwokota ni Sharon, binti wa Don Arden, meneja mkali aliyemiliki lebo ya Jet Records. Sharon akamsimamisha, akamsimamia kazi, na Julai 1982 wakaoana. Huko Los Angeles walimpata Randy Rhoads, kijana wa miaka 22 aliyekuwa akipiga na kundi la Quiet Riot na kufundisha gitaa katika shule ya muziki ya mama yake, North Hollywood. Uingereza wakaongezeka Bob Daisley, Mwaustralia aliyewahi kupiga besi kwenye kundi la Rainbow, na Lee Kerslake, mpiga dramu wa Uriah Heep. Don Airey akaalikwa kwenye kinanda. Kati ya Machi na Aprili 1980 wakajifungia Ridge Farm, studio iliyoko shambani huko Surrey, wakatoka na nyimbo tisa.

Sasa angalia kazi ilivyogawanyika, maana ugomvi wote umezaliwa hapo. Ozzy hakuwa mtunzi wa kukaa na kalamu. Kipaji chake kilikuwa melodi: unampigia kipande cha gitaa, yeye anaanza kuimba juu yake maneno yasiyo na maana mpaka njia ya sauti ipatikane. Rhoads ndiye aliyejenga magitaa. Maneno, karibu yote, yaliandikwa na Daisley. Yule mwendawazimu anayeimba kwamba treni yake inaacha reli kwenye "Crazy Train" anatoka kwenye daftari la mpiga besi. Hata "Suicide Solution", wimbo uliomfikisha Ozzy mahakamani Marekani miaka ya themanini akituhumiwa kuwashawishi vijana wajiue (kesi ilitupwa), Daisley amesema aliuandika akimwonya Ozzy mwenyewe kuhusu pombe.

Mapema 1981 watu haohao wakarekodi Diary of a Madman palepale Ridge Farm. Lakini kabla haijatoka mwezi Novemba, Daisley na Kerslake walikuwa wameshafukuzwa. Ukiipata santuri ya zamani, geuza jalada: utakuta majina na picha za Rudy Sarzo na Tommy Aldridge, wanamuziki wazuri sana, ambao hawakupiga hata noti moja kwenye albamu hiyo. Waliletwa kwa ajili ya ziara. Kwa hiyo usidhani ubaya ulianza 2002. Kufutwa kulianza kwenye karatasi, ndipo kukafika kwenye kanda.

Daisley na Kerslake walikwenda mahakamani miaka ya themanini wakapata sehemu ya walichodai. Mwishoni mwa miaka ya tisini wakarudi tena kudai mirabaha. Kisha ukaja mwaka 2002. Familia ya Osbourne ilikuwa imeingia kwenye televisheni ya MTV, watoto wasiojua hata jina la Black Sabbath wakawa wanamcheka Ozzy akihangaika na rimoti sebuleni kwake, na albamu za zamani zikawa na soko jipya. Zikatolewa upya. Katika Blizzard of Ozz na Diary of a Madman, njia za dramu na besi zilinyamazishwa. Robert Trujillo na Mike Bordin, waliokuwa wakipiga na Ozzy wakati huo, wakaingia studio na kurekodi zao juu ya gitaa na sauti za 1980 na 1981. Mwanzoni CD ziliuzwa bila neno lolote juu ya jalada. Kibandiko cha kumwarifu mnunuzi kilikuja baada ya watu kulalamika. Sharon alieleza hadharani kwamba Ozzy ndiye aliyetaka Daisley na Kerslake waondolewe kwa jinsi walivyowatendea, na kwamba wamezipa albamu sauti mpya. Ozzy baadaye alisema uamuzi ulikuwa wa Sharon. Kesi ya Daisley na Kerslake ilitupwa Marekani mwaka 2003.

Simlaumu Trujillo wala Bordin. Wa kwanza alikwenda Metallica mwaka 2003 na yuko huko mpaka leo. Wa pili alitoka Faith No More, na ngumi yake kwenye dramu inajulikana. Waliitwa kazini, wakafanya kazi. Shida ni ya kiufundi, na hapa ndipo utaniruhusu niwe mchoshi kidogo.

Gitaa la Rhoads halikupigwa peke yake kisha likawekwa mezani kusubiri wenzake. Lilipigwa likimsikiliza Kerslake. Kerslake alikuwa na tabia ya kukaa nyuma kidogo ya pigo, hasa kwenye nyimbo za mwendo wa kati, na Rhoads akawa anajua ni wapi pa kuegemea na ni wapi pa kuchomoka. Daisley naye hakubaki kwenye noti za chini akihesabu nne. Besi yake inatembea, inapanda kati ya mistari ya uimbaji, mahali pengine inajibizana na gitaa. Ukiwaondoa hao na kuweka wengine baada ya miaka ishirini, umepata kitu kama maongezi ya simu ambayo upande wa pili ameingizwa mtu mwingine baada ya maongezi kwisha: majibu yanaendana na maswali, lakini hakuna anayemsikiliza mwenzake. Bordin anapiga kwa nguvu na kwa usahihi wa miaka ya tisini. Gitaa linaendelea kumjibu mtu ambaye hayupo chumbani.

Jipime mwenyewe kwa wimbo wa "Over the Mountain", unaofungua Diary. Unaanza na dramu tupu, mviringo wa Kerslake unaoporomoka kabla gitaa halijaingia; mpiga dramu yeyote wa roki anaujua kwa kichwa. Sikiliza toleo la asili, kisha la 2002. Pigo ni lilelile kwa hesabu, lakini lile la kwanza lina hewa, unasikia ngozi ya dramu na chumba chenyewe, na la pili limekaza, liko karibu na sikio, limekauka. Halafu nenda "Believer", inayoanza na besi peke yake. Hapo hata asiyejua muziki ataona ni vidole vya watu wawili tofauti. Kwenye CD yako, jaribu "I Don't Know": katikati, pale mwendo unapopoa, fuatilia besi inavyokwenda katika toleo la simu. Ile ndiyo sahihi ya Daisley.

Na ukiwa hapo hapo, usiache kusikiliza solo za Rhoads. Max Norman, fundi aliyezirekodi, ameeleza kwamba kijana huyo alikuwa akizipiga solo mara tatu, noti kwa noti, moja ikawekwa katikati na mbili zikapelekwa kushoto na kulia. Si mashine iliyonakili. Ni mkono uleule umerudia mara tatu, ndiyo maana solo ya "Crazy Train" ina unene ule na bado inang'ata. Vaa spika za masikioni, utasikia zikitofautiana kidogo sana pembeni. Wimbo mfupi unaoitwa "Dee" ni wake peke yake kwa gitaa la kawaida, aliutunga kwa ajili ya mama yake, Delores. Na mwanzo wa "Diary of a Madman" umechota kwenye zoezi la sita la Leo Brouwer, mtunzi wa gitaa wa Cuba. Rhoads alikuwa mwanafunzi wa muziki wa kizungu wa kale aliyeingia kwenye hevi metali bila kuacha madaftari yake nyumbani. Alifariki Machi 19, 1982, Leesburg, Florida, katika ajali ya ndege ndogo akiwa ziarani. Alikuwa na miaka 25. Albamu mbili tu za studio na Ozzy, basi.

Kuhusu CD: Kampuni ilizirudisha albamu zote mbili katika hali yake ya asili Mei 2011, kwa kumbukumbu ya miaka thelathini. Toleo hilo ndilo la kutafuta. Santuri na CD zilizotoka kabla ya 2002, pamoja na zile zilizosafishwa mwaka 1995, nazo zina Daisley na Kerslake. Unayoisikia kwenye simu ni ya asili, na Blizzard ina toleo la nyongeza la miaka arobaini, la mwaka 2020. Kwa hiyo kwa muuza mtumba kanuni ni rahisi: geuza nyuma, tafuta mwaka. Ukiona 2002 kwenye mojawapo ya hizi mbili, punguza bei au rudisha. Usiitupe uliyonayo, lakini. Ni ushahidi wa kitu ambacho kampuni zenyewe zisingependa kukikumbusha, na kwa mtu anayejifunza kusikiliza, hakuna darasa zuri kama kuziweka mbili hizo sambamba.

Kerslake alipokuwa anaugua saratani aliomba jambo moja kwa Ozzy: zile tuzo za platinamu za albamu mbili alizopiga, azitundike ukutani kabla hajaondoka. Ozzy akampelekea. Kerslake alifariki Septemba 2020.

Sasa swali lako la pili. Ozzy ana albamu 13 za studio akiwa na jina lake pekee juu, ukihesabu na ile ya nyimbo za wasanii wengine alizoziimba upya. Ushauri wangu: usizifuate kwa mwaka wala kwa picha ya jalada. Fuata majina ya waliopiga na waliotunga. Mtu aliyelelewa na muziki wa dansi hahitaji kufundishwa hili. Sisi bendi ikitoa kibao, kabla hatujauliza kinahusu nini tunauliza nani kashika solo. Kwa Ozzy swali hilo linafanya kazi kuliko kwa mwimbaji yeyote wa metali ninayemjua, kwa sababu sauti yake haibadiliki sana. Ina upana mdogo, ya puani kidogo, ya kuomboleza, na unaijua ndani ya sekunde tatu. Kinachobadilika ni chumba kinachomzunguka.

Anza na hizo mbili za Rhoads, Blizzard kwanza. Halafu, kabla hujaenda mbele, tafuta Tribute, albamu ya jukwaani iliyotoka 1987. Sehemu kubwa ilirekodiwa Cleveland Mei 1981, Sarzo na Aldridge wakiwa nyuma, na hapo utasikia Rhoads anavyozipanua solo zake akiwa huru. Mwishoni kuna vipande vya studio vya "Dee": anaanza, anakosea, anacheka, anaanza tena. Kwangu ndicho kipande cha thamani kuliko vyote katika kazi nzima ya Ozzy, na hakina sauti ya Ozzy kabisa.

Speak of the Devil ya Novemba 1982 iruke kwanza. Ilirekodiwa ukumbi wa Ritz, New York, miezi sita tu baada ya msiba, ikiwa na nyimbo za Black Sabbath tupu, na Brad Gillis kwenye gitaa. Ilikuwa ya kulipa deni la mkataba kwa Jet, na inasikika hivyo, ingawa Gillis alijitahidi mno kwa mtu aliyeingia kwenye viatu vya marehemu.

Mpiga gitaa wa pili wa kudumu alikuwa Jake E. Lee. Bark at the Moon ya 1983 ina wimbo wa jina hilo ambao peke yake unatosha kukununulisha albamu. Kile kipande cha gitaa cha mwanzo kinakimbia kama kimefukuzwa. Daisley alikuwa amerudishwa, unaona mambo ya dunia, akipiga besi na kuandika maneno. Lakini jalada lilisema nyimbo zote ni za Ozzy Osbourne. Lee amesimulia mara nyingi kwamba aliahidiwa sehemu yake, kisha akawekewa karatasi mbele. Ukishajua hilo, ukisoma mstari huo wa jalada unatabasamu kwa uchungu. The Ultimate Sin ya 1986 ina "Shot in the Dark", kibao kizuri alichoshiriki kukitunga Phil Soussan, mpiga besi mpya, na iliuza vizuri. Ozzy mwenyewe hakuipenda, na haikuwamo kwenye matoleo mapya ya 2002. Mimi naitetea: prodyuza Ron Nevison aliipaka rangi za mwaka ule kupita kiasi, lakini chini ya rangi Lee anapiga vitu vigumu sana.

Kisha anaingia Zakk Wylde, kijana wa New Jersey aliyekuwa na miaka 21 No Rest for the Wicked ilipotoka 1988. Gitaa lake lina mikono mizito na kelele za noti za juu zinazolia kama chuma kinachokatwa. Albamu hiyo ni nzuri bila kuwa kubwa. "Miracle Man" inamkejeli mhubiri wa televisheni Jimmy Swaggart, na wakati ule ilichekesha.

Kubwa ni iliyofuata, No More Tears ya Septemba 1991. Hii ndiyo ya tatu unayopaswa kuwa nayo. Lemmy wa Motörhead aliandika maneno ya nyimbo nne: "Mama, I'm Coming Home", "Hellraiser", "Desire" na "I Don't Want to Change the World". Alikuja kusema kwamba nyimbo hizo nne zilimwingizia pesa nyingi kuliko miaka yake kumi na tano ya Motörhead. "Mama, I'm Coming Home" iliingia arobaini bora za Marekani, kitu ambacho Ozzy peke yake hakuwa amewahi kukifanya, na "I Don't Want to Change the World", katika toleo la jukwaani, ikampatia Grammy ya muziki wa metali mwaka 1994. Lakini sikiliza wimbo uliobeba jina la albamu, dakika zake saba na zaidi. Unaanza na besi, kipande kizito kinachotembea polepole. Kilibuniwa na Mike Inez, aliyekuwa mpiga besi wa ziara. Kwenye kanda aliyekipiga ni Daisley, kwa mara nyingine tena. Na kwenye video unamwona Inez. Ukitaka picha moja ya jinsi kazi za Ozzy zilivyokuwa zikitengenezwa, ichukue hiyo.

Baada ya hapo alitangaza kustaafu kwa ziara aliyoiita No More Tours, akachoka kukaa nyumbani, akarudi. Ozzmosis ya 1995 ina Geezer Butler wa Sabbath kwenye besi na Rick Wakeman kwenye kinanda, na prodyuza Michael Beinhorn aliyeifanya iwe nene na yenye giza. Nyimbo tatu au nne zinakaa, "Perry Mason" na "See You on the Other Side" zikitangulia. Nyingine zinarefuka bila sababu.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka. Down to Earth ya 2001 ndiyo ya Trujillo na Bordin wakiwa kazini kwao halali, na huko wanapendeza. Tatizo ni nyimbo, ambazo zilitungwa na mafundi wa kukodi huku Wylde akiitwa kuja kupiga tu. "Gets Me Through" na "Dreamer" zinatosha. Under Cover ya 2005 ndiyo ile ya nyimbo za wasanii wengine, na sioni sababu ya kuihifadhi ingawa Jerry Cantrell wa Alice in Chains yupo kwenye gitaa. Black Rain ya 2007 na Scream ya 2010 zina sauti iliyosafishwa sana na kompyuta mpaka mwimbaji akabaki kama alama ya biashara juu ya kazi yake mwenyewe. Kwenye Scream, Mgiriki Gus G. alichukua nafasi ya Wylde na akapewa nafasi ndogo mno ya kuonyesha alichonacho. Hapo linda bando lako.

Kisha, akiwa na umri wa miaka 71, na ugonjwa wa Parkinson umeshatangazwa, akatoa Ordinary Man, Februari 2020. Prodyuza na mpiga gitaa ni Andrew Watt, besi ni Duff McKagan wa Guns N' Roses, dramu ni Chad Smith wa Red Hot Chili Peppers. Mlango ulikuwa umefunguliwa na wimbo wa Post Malone wa 2019, "Take What You Want", uliomrudisha Ozzy kwenye kumi bora za Marekani. Wimbo unaobeba jina la albamu anauimba na Elton John, na unamhusu mzee anayetazama nyuma. Ungeweza kuwa wa kulazimisha machozi, na kidogo uko hivyo, lakini sauti yake iliyochakaa inauokoa. Patient Number 9 ya Septemba 2022 naiona bora zaidi. Hapo magitaa yanapishana kama wageni kwenye karamu: Jeff Beck, Eric Clapton, Mike McCready, Wylde, na Tony Iommi, yule wa Sabbath, ambaye hakuwahi kupiga kwenye albamu ya Ozzy ya peke yake kabla ya hapo. Ilishinda Grammy mbili mwaka uliofuata, moja kwa wimbo wa "Degradation Rules" alioshirikiana na Iommi. Jeff Beck alifariki Januari 2023, kwa hiyo wimbo wa kwanza wa albamu hiyo ni miongoni mwa rekodi zake za mwisho. Trujillo naye yumo, miaka ishirini baada ya kisa cha 2002, na safari hii besi zake ni zake.

Kama unataka kujua Ozzy mwenyewe alizipimaje kazi zake, tazama alichoimba Villa Park, Birmingham, Julai 5, 2025, siku kumi na saba kabla ya kufariki, akiwa ameketi kwenye kiti kilichotengenezwa mfano wa kiti cha enzi. Kabla ya kuungana na wenzake wa Sabbath aliimba nyimbo tano za peke yake: "I Don't Know", "Mr. Crowley", "Suicide Solution", "Mama, I'm Coming Home" na "Crazy Train". Nne kati ya hizo ziko kwenye CD uliyonunua Arusha. Ya tano iko No More Tears. Wylde alikuwa kwenye gitaa, na besi ilishikwa na Mike Inez.

Kwa hiyo orodha yako, ukitaka iwe fupi: Blizzard of Ozz na Diary of a Madman za 2011 au kabla ya 2002, Tribute, No More Tears, kisha Patient Number 9. Bark at the Moon iongeze ukipata nafasi. Na ukirudi kwa yule muuza mtumba, muulize kama ana santuri ya Diary ya miaka ya themanini. Wengi wanaziuza bei ya chini kwa sababu jalada limechakaa. Angalia mikwaruzo kwenye upande wa kwanza, pale mwanzo kabisa, maana hapo ndipo dramu za "Over the Mountain" zinapoanzia, na watu wamezirudia sana.